Chumvi ya Mama Aida

14 Novemba

Aida, umeniachia daftari na kazi ya kufanya nyumbani kama mwalimu. "Baba, andika nyumbani kunatokea nini, nikirudi nisijione mgeni." Haya mwalimu. Shule mimi niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa dirishani naangalia malori. Ukikuta makosa sahihisha kimya kimya.

Kilichotokea leo: umeondoka na bibi yako kwenda kwake Itumba. Kabla hajapanda Hiace bibi kaniambia, "Ezron, siku ukiwa tayari kulishwa chumvi, piga simu. Nitakuja mwenyewe, na mtoto nitakuletea." Nikasema sawa mama. Nilikuwa naangalia chini, maana mama mkwe haangaliwi usoni. Mimi viatu vya bibi yako navijua kuliko sura yake.

Hiyo ya chumvi ni hivi. Kwenye ukoo wa mama yako, mtu akifiwa na mwenzake hali chumvi. Kila kitu anakula chapwa, mpaka mama mkwe aje, aweke chumvi kwenye mboga kwa mkono wake, amlishe tonge. Ukishalishwa, msiba umefungwa na marehemu anakwenda kupumzika. Na mtoto halali kwenye nyumba ambayo msiba haujafungwa.

Nimemwambia bado. Maharage ya chapwa nimeshayazoea. Kumwambia mama yako Sekela aende zake ndiyo sijazoea.

15 Novemba

Nimemaliza kuuza mayai yote ya kuchemsha. Foleni ya malori ya mpakani imefika mbali, na dereva akikaa foleni siku mbili hata jiwe ukimchemshia atakula. Mzambia mmoja kaniita "mune", yaani rafiki, halafu rafiki huyo kanilipa kwacha iliyochanika.

19 Novemba

Mvua ya kwanza! Mji mzima umekimbia kama umefumaniwa. Nimeuza miavuli niliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kiangazi, wakati watu wananicheka.

Nimerudi nimelowa, nikakaa sebuleni kusikiliza bati. Unalijua bati letu, linapiga kelele kuliko kwaya. Ndiyo nikayakumbuka yale magunia ya chumvi ya chumba cha nyuma. Mama yako aliyatoa Ivuna mwenyewe, juu ya lori, mwezi mmoja kabla ya ile homa iliyomchukua. Alisema, "Barabara ya Ivuna ikikatika kwa mvua, ndiyo tunaitoa chumvi. Nakonde watakuja wamepiga magoti." Halafu mvua imekuja, yeye hayupo kuona magoti ya mtu.

Mimi nauza kila kitu. Nimewahi kuuza kiatu kimoja, mguu wa kulia, kwa mtu aliyekuwa na wa kushoto. Lakini hiyo chumvi haiuzwi.

22 Novemba

Chumba cha nyuma kuna maji sakafuni. Usiogope, chumvi ya Ivuna mvua ikianza inavuta unyevu, inatoa jasho. Mimi sio mjinga. Nimepiga deki.

23 Novemba

Nimepiga deki tena.

28 Novemba

Leo maji yametoka chumba cha nyuma, yamepita sebuleni, yamepinda kona na kuingia chumbani kwangu mpaka kitandani. Upande wa mama yako. Sio dimbwi, ni mabaka mabaka, moja huku, moja huku. Jua lilipochomoza yalikauka yakabaki meupe, kila baka na kisigino chake.

Najua chumvi inatoa jasho. Ila sikujua kama inajua kona.

Nimelala vizuri sana.

2 Desemba

Mvua imepiga kutwa, biashara hamna. Nimekaa nakula ugali wangu na mboga ya chapwa, nikasikia kandambili. Chwa, chwa, chwa. Unamkumbuka mama yako anavyoburuta miguu akitoka kuoga? Hivyo hivyo. Nikasema kwa sauti, "Sekela, nyanyua miguu, kandambili zinanunuliwa." Chumba cha nyuma mtu akacheka kwa pua.

Nikamhadithia ya yule mtu wa kiatu kimoja. Kacheka tena.

Aida, furaha niliyonayo leo sijaipata tangu ulivyozaliwa.

9 Desemba

Nimeanza kupakua sahani mbili. Hali, ila heshima imefika.

Umepiga simu. Umeniuliza, "Baba, unaongea na nani hapo?" Nikasema redio. Ukasema, "Redio gani inaitwa Sekela?" Umekuwa mjanja sana huko milimani, bibi anakulisha nini?

23 Desemba

Bibi kakubali uje Krismasi, siku mbili tu! Anasema umelia mpaka kuku wamehama. Kajomba kako Mika atakuleta. Nimefagia, nimekununulia gauni la njano. Nimemwambia mama yako. Halafu kwenye ukuta wa chumba cha nyuma maji yakaanza kushuka, mstari mmoja na mstari mwingine pembeni yake. Nikagusa kwa kidole, nikalamba, nikakuta chozi kabisa.

Ndiyo, nimelamba. Miezi mingapi sijala chumvi, mwache baba yako.

26 Desemba

Huu ukurasa nitauchana.

Jana tulifurahi, unajua mwenyewe. Leo mchana nikachukua ndoo ya mayai, maana madereva wamekwama mpakani na njaa haijui sikukuu. Jirani Jenista, yule anayepika wali na maharage pale kona, akasema atakuchungulia. Kufika barabarani mvua ikashuka, ile ya kufunga macho. Sijui ni nini kilinishika, nikaacha ndoo pale pale barabarani nikakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. "Aida!" Kimya. Jenista akaita toka ng'ambo ya uzio, "Si yuko ndani! Nimemsikia anaongea na mtu, nikajua umesharudi!"

Nikaenda chumba cha nyuma. Ulikuwa umekaa juu ya magunia na gauni lako la njano, umelowa chapachapa. Miguu umeizamisha kwenye gunia lililofunguka, imekuwa myeupe mpaka magotini, vidole vimekunjamana kama vya ajuza. Na ulikuwa unatabasamu.

Nikasema, "Toka hapo."

Ukasema, "Mama kasema nikae hapa mpaka mvua iishe."

"Mama yupi?"

Ukanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Baba nawe! Si huyu unayeongea naye kila siku?"

Nikakubeba. Miguu ilikuwa ya baridi kama chuma cha lori asubuhi. Nilipokuosha ukalia, maana kisigino kilikuwa kimepasuka na chumvi imeingia. Na kule chumba cha nyuma, Aida, kuna aliyelia pamoja na wewe. Ukivuta pumzi naye anavuta. Ukinyamaza ananyamaza.

Sasa hili ndilo sitaki ulisome. Mimi sikuogopa. Nilifurahi. Nilijisemea, kumbe sijachanganyikiwa, hata mtoto kamwona.

27 Desemba

Mika kaja kukuchukua. Kaona miguu yako, hakuniaga. Jioni bibi kapiga, wala hajagomba, na hapo ndipo pabaya. Kasema tu, "Baba Aida, mtoto hatakuja tena mpaka ule chumvi. Wewe ndiye wa kuchagua." Akakata.

Nimemwambia Sekela, "Mama yako kaninunia." Kacheka kwa pua.

3 Januari

Mvua. Tuko poa.

4 Januari

Mvua. Nimehamishia kitanda chumba cha nyuma. Kwa nini mtu atembee umbali wote ule kila siku.

11 Januari

Mvua. Niko poa kabisa. Wateja wanalalamika kwamba nauza mayai bila chumvi. Mmoja kasema, "Mzee, yai bila chumvi la nini, la kuombea?" Nikamwambia chumvi yangu haitoki nje ya nyumba. Kaniangalia, karudisha yai.

12 Januari

Sikwenda kuuza.

13 Januari

Sikwenda kuuza. Mvua.

20 Januari

Jenista kaleta wali. Kasimama mlangoni, kaniambia, "Baba Aida, umekuwa mweupe." Nikamwambia ni uzuri unaanza kutoka. Hajacheka, na Jenista huwa anachekea hata matangazo ya vifo. Nimejiangalia kwenye kioo. Nyusi ni nyeupe. Nimezipangusa, zikarudi nyeusi. Chumvi tu.

8 Februari

Leo kaja Clever. Unamjua, yule dalali mwenzangu wa mpakani, jina lake Clever na hana kingine kinachofanana nalo. Barabara ya Ivuna imekatika kama mama yako alivyosema, Nakonde wanalilia chumvi, na Clever kanusa mchongo.

"Ezron, kaka, toa mzigo. Watu wako tayari kukubusu."

Nikamwambia aingie aone kwamba hamna cha kuuza. Akaingia. Akaona kitanda katikati ya magunia, na sahani mbili. Akaona kuta zimeota chumvi kama manyoya, toka chini mpaka kwenye bati. Misumari ya bati imeliwa na kutu, bati linapumua upepo ukipita.

Clever akasema, "Kaka, hapa unaishi au umehifadhiwa? Maana hata dagaa wanamwekea chumvi kidogo kuliko hii."

Aida, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Clever naye akacheka. Halafu mimi nikanyamaza, Clever akanyamaza, na nyumba ikaendelea kucheka. Kwa pua. Pembe ya huku, kisha pembe ya kule.

Clever kaka yangu katoka kinyumenyume, mkono kwenye ukuta, mpaka nje. Huko kwenye mvua kaniita, "Ezron! Toka humo!" Nikamwambia, "Funga mlango, unaingiza baridi, shemeji yako ametoka kuoga."

Akafunga. Nikamsikia anakimbia, na yule ana kitambi.

15 Februari

Gunia la kwanza limeisha. Limebaki ngozi. Chumvi yote imekwenda sakafuni. Nimeyatandikia mengine mbao, nimeyafunika turubai.

22 Februari

La pili na la tatu yanalegea. Kandambili zinasikika kwa mbali, kama mtu yuko nyumba ya tatu. Nimemhadithia ya Clever na kitambi, nimesubiri. Nimeirudia. Kachelewa kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kidogo.

Nimezunguka na ndoo, nakinga maji ya chumvi yanayodondoka, nayarudisha juu ya gunia. Yanadondoka tena. To. To. To.

1 Machi

Ndoo.

2 Machi

Ndoo. Sisikii kandambili.

9 Machi

Umepiga simu asubuhi. Umenisimulia darasa, na mbuzi wa bibi, halafu ukasema, "Baba, upepo umeangusha migomba nyumbani."

Nikasema, "Migomba gani? Nyumbani hatuna migomba."

Ukasema, "Nyumbani. Kwa bibi."

Halafu ukaendelea na habari za mbuzi.

Baada ya simu nilikaa na ndoo yangu. Zamani ulikuwa unauliza, baba nakuja lini? Nikawa najaribu kukumbuka mara ya mwisho umeuliza ni lini. Sikumbuki. Niko hapa nakinga mtu kwa ndoo, na mtu mwingine anadondoka huko Itumba, na huko hakuna aliyeweka ndoo.

Nimemwambia Sekela, "Umesikia alivyosema?" Ukutani ikashuka mistari miwili, pole pole, mpaka chini.

Nikampigia bibi. Nikasema, "Mama, njoo unilishe."

Kasema, "Haya baba." Nikasikia anavuta kamasi.

15 Machi

Wamekuja. Mvua ilikuwa nyepesi. Bibi kakuacha kwa Jenista, kaingia mwenyewe na khanga yake kiunoni. Hakusema lolote kuhusu kuta. Kaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, kavua viatu, kasimama peku kwenye yale maji, kaongea Kindali, lugha ya kwao, taratibu, kama mama anamwamsha mtoto wa shule. Mimi Mnamwanga, Kindali nashika kidogo. Nilishika "mwanangu" na nilishika "umechoka."

Halafu akaniambia, "Baba Aida, hii chumvi mwanangu aliibeba ikakoleze mboga za watu. Hakuibeba ije ilie sakafuni. Unamchelewesha."

Nikasema, "Mama, nikila ataondoka."

"Na usipokula hataondoka? Angalia magunia."

Nikayaangalia. Sikuwa na utani wowote mdomoni, Aida, nimetafuta nikakosa.

Kapika maharage pale pale uani. Yalipoiva kaniita nikae kwenye kigoda, yeye akakaa mbele yangu. Mama mkwe na mkwe hawali pamoja, unajua, bibi yako sijawahi hata kumwona akitafuna. Kaniambia, "Leo niangalie." Nikanyanyua uso. Miaka yote nimejua viatu tu, kumbe yule mama ana macho ya Sekela! Yale yale, na lile la kushoto linalowahi kucheka kabla ya mwenzake. Nimekuwa nayakwepa miaka yote.

Akachota chumvi ya gunia la mama yako, akanyunyiza, akakoroga. Akakata tonge, akachovya, akanilisha kama ndege.

Yesu wangu.

Nyie mnaokula chumvi kila siku hamjui mnakula nini. Masikio yalizibuka. Nilisikia harufu ya moshi, ya mvua, ya udongo, nilisikia malori yanaunguruma kule barabarani, yote pamoja, kama mtu kawasha taa. Nikalia hadharani mbele ya mama mkwe na tonge mdomoni. Akasema, "Meza kwanza, utapaliwa." Nikameza.

Ndipo tukasikia kandambili. Sote wawili, bibi shahidi. Zilitoka chumba cha nyuma, zikapita sebuleni, safari hii hazikuburutwa. Mtu alinyanyua miguu. Mlango wa mbele ukasogea. Nje kwa Jenista kuku wakapisha njia.

Bibi kasema, "Nenda salama mama."

Halafu ile to, to, to, ikakata.

16 Machi

Nyumba kimya. Naiogopa sasa, huu ndio wazimu wenyewe. Nimekaa na mzimu miezi nikalala fofofo, leo hayupo naruka panya akipita.

Umelala kitandani kwako. Umekoroma.

21 Machi

Chumvi iliyobaki, bakuli moja moja tumewapa majirani kwanza, bibi ndiye aliyegawa. Clever kapewa mawili kwa ajili ya mshtuko. Nyingine tumeivusha Nakonde. Mama mmoja wa huko kaipokea kwa mikono miwili, "Natotela, tata, natotela," asante baba, akapiga goti kidogo kama wao wanavyoshukuru. Nimegeuka kumtafuta mama yako nimwambie, ona, magoti! Halafu nikakumbuka. Nimeuma midomo, nikarudi kuuza mayai. Na chumvi ya mayai nimebeba kwenye karatasi.

2 Aprili

Mafundi wamebadilisha bati. Tumekwangua kuta, tumepaka rangi uliyochagua. Sijui nani kakudanganya kwamba zambarau ni rangi ya nyumba. Kitanda chako kimeingia chumba cha nyuma, umekataa nilale na wewe hata siku ya kwanza. "Baba, mimi siogopi. Wewe ndiye unaogopa."

Ule ukurasa wa Krismasi sijauchana. Utausoma ukiwa mkubwa, utanipiga makofi.

11 Aprili

Mvua ya mwisho nadhani, ya rasharasha, jua linawaka humo humo.

Leo umesema unapika wewe. Nimekaa uani nakutazama unavyopuliza moto, umefunga khanga ya mama yako imezunguka mara tatu. Umepakua, umenikaribisha kwa magoti kama mtu mzima. Nikaonja. Maharage yamekolea, sio sana, sio kidogo, ule mkono ambao nilidhani sitaukuta tena duniani.

Nikasema, "Aida, nani kakufundisha kupima chumvi hivi?"

Ukaacha kutafuna. "Baba, mimi sijaweka chumvi. Nilijua umeweka wewe."

Tukaangaliana. Mimi sikuwa nimesogelea lile jiko.

Mvua ikakata. Nikavuta sahani karibu nikakwambia, "Kula mwanangu, yasipoe." Tukala yote, tukakomba na sufuria.